Farasi wa Bwana Zein

Mwanakuu alikuwa akipangusa vidaka vya ukuta wa ndani, kazi yake ya kila Jumatatu kabla ya kuteleka chungu, alipoona kuwa paa aliyechorwa katika sahani ya Kichina hayupo. Sahani yenyewe ilikuwa pale pale katika kidaka cha juu, baina ya mrashi wa mawardi na bakuli lililopasuka ukingo. Mawingu yaliyochorwa pembeni yalikuwapo, na ua moja, rangi ya buluu juu ya weupe. Aliyeondoka ni paa peke yake. Mwanakuu alimkuta uani akinywa maji ya ndoo. Alikuwa wa buluu mwili mzima, kimo cha mbuzi aliyekua, na pembe zake zilikuwa na matawi.

Mwanakuu alimaliza kwanza kupangusa, maana kazi iliyoachwa nusu humkera. Kisha akamkatia paa mchicha. Paa akaunusa, hakuula. Sahani akaiosha, na kwa kuwa sasa ilikuwa haina mtu, akaanza kuitumia kupakulia wali.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Mejumaa, jirani wa mlango wa pili, muuza mahamri, alikuja kutazama, akamgusa paa mgongoni, kisha akajifuta buluu kwenye leso.

"Wewe una bahati, shoga yangu," akasema. "Kwetu sahani ina joka."

Nyumba ya Mwanakuu ilikuwa nyuma ya Ndia Kuu, barabara ya kale ya Mombasa, ya mawe, yenye ghorofa moja. Mwenyewe alikuwa marehemu Bibi Mwanaesha, na kabla ya kufa aliiweka wakfu: wakae humo wanawake wa ukoo wasio na waume, mmoja baada ya mwingine, mpaka wasibaki. Hakuandika popote. Alisema akiwa nyuma ya pazia, na wanaume wa mtaa wakiwa barazani wakisikia, na zamani hizo neno lililosemwa hivyo lilitosha. Waliolisikia walikuwa wote wamekufa ila mmoja, Maalim Athmani, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza aote ndevu. Maalim alikuwa shemeji yake Mwanakuu, mdogo wa marehemu mumewe. Mwanakuu alihamia humo alipofiwa, akazeekea humo, na hakuwahi kuwaza kuwa siku moja atahitaji pengine pa kulala.

Ng'ambo ya kichochoro alikaa Bwana Zein, mjukuu wa Bibi Mwanaesha na mzee wa mtaa. Mwaka huo wa 1943, kwa sababu ya vita, sukari na mchele vilitolewa kwa kipimo, na katika mtaa ule mgawaji alikuwa yeye. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na sauti nyororo na manukato mazuri, na aliuliza hali za wagonjwa kwa majina yao. Aliyemkosea hakugombezwa, alisahauliwa tu siku ya kugawa sukari. Bandari ya Kilindini ilikuwa imejaa meli, na wenye vyeo katika meli hizo walikuwa wakitafuta nyumba za kupanga zenye hewa. Katika mtaa ule hakukuwa na nyumba yenye hewa kama ya Mwanakuu.

Juma halikwisha, akatokea Mchina mmoja marehemu, wakati wa alasiri, akitembea taratibu kutoka upande wa Ngome. Alivaa kanzu pana ya hariri yenye mikono mirefu hata vidole havionekani. Aliwaamkia watu wa baraza ya Bwana Zein kwa Kimvita safi, maana wafu hawasumbuliwi na lugha, nao wakajisogeza wakampa nafasi.

"Ulikufa lini, sheikh?" Bwana Zein akamuuliza.

"Zamani. Yapata miaka elfu mbili na ushei."

"Pole sana."

"Nishapoa."

Akaletewa kahawa ya tangawizi. Aliinywa kwa adabu na kahawa haikupungua kikombeni, kwa hiyo muuza kahawa akaimimina tena kwenye dele lake. Mgeni akasema amemfuata paa.

"Paa hiyu ni wa kwetu," akasema. "Palikuwa na mfalme kijana, wa pili katika ukoo wake, na waziri aliyeutaka ufalme. Waziri hakujua ni nani atakayempinga. Siku moja akamleta paa mbele ya mfalme, akasema, nimekuletea farasi. Mfalme akacheka, akasema, waziri umekosea, paa wamwita farasi. Waziri akasema, basi na waulizwe waliopo. Tukaulizwa."

"Mkasema nini?" Maalim Athmani akauliza.

"Wako waliosema farasi, wapate kupendwa. Wako waliosema paa. Wako walionyamaza. Wale waliosema paa, waziri aliwashika baadaye kwa siri, hiyu kwa kosa hili, yule kwa kosa lile. Hakuna aliyehukumiwa kwa ajili ya paa. Tangu hapo waziri hakupingwa tena. Hata yeo katika nti yetu, mtu akiigeuza haki kuwa batili na jua liko utosini, watu husema: aonyesha paa, ataja farasi. Kwa lugha yetu ni maneno manne tu."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi nalinyamaza."

Wazee wa baraza walikubaliana kuwa hiyo ilikuwa busara.

"Na paa mwenyewe?" Maalim akauliza tena, maana alizoea kukifikisha kisa mwisho.

"Alikosa pa kukaa. Hawakumtaka pamoja na paa kwa sababu ashaitwa farasi, na farasi hawakumtaka kwa sababu wana mato, wamwona ni paa. Akaingia katika sahani. Mara moja moja hutoka, nami huja nyuma yake kutazama kama yuko mtu atakayesema."

"Atakayesema nini?"

"Atakayesema tu," akajibu yule marehemu, akatazama kikombe chake.

Baraza ilicheka sana jioni hiyo. Waliwacheka wale wakubwa wa Uchina, watu wazima na heshima zao, kushindwa kumtaja mnyama kwa jina lake. Sheikhan, fundi wa viatu, alisema jambo kama lile haliwezi kutokea Mombasa kwa sababu hapa watu wamesoma. Bwana Zein peke yake hakucheka. Alimwomba mgeni arudie tena pale katikati.

Kesho yake, saa zile zile, paa alikuwa amesimama mlangoni kwa Mwanakuu akipunga upepo. Bwana Zein alikuwa ameagiza kahawa kwa baraza nzima, pamoja na kashata za sukari halisi, kitu ambacho wengi wao walikuwa hawajakionja tangu Idi. Akamtazama paa, akatafuna, akameza.

"Mashallah," akasema. "Nyumba ya bibi yangu imepata farasi mzuri."

Hapa yafaa kueleza desturi. Mtu wa Mombasa hamkosoi mwenye baraza ilhali kikombe cha mwenye baraza kimo mkononi mwake. Atamkosoa baadaye, njiani, kwa watu wengine, na kwa maneno yatakayomtoa nyoka pangoni. Lakini pale pale, mbele ya kashata, ni utovu wa adabu. Watu wa mji huo wamepoteza mashamba, visima na wachumba kwa ajili ya adabu hiyo, na mpaka leo ukiwauliza watakwambia kuwa ndiyo inayowatofautisha na wengine.

Sheikhan akasema farasi ni mzuri kweli. Mzee aliyekaa karibu naye akasema mabega yale ni ya farasi wa Kiarabu. Mejumaa alikuwa akipita na sinia lake la mahamri, akaulizwa, akasema farasi bila kusimama. Wanaume wote pale waliisikia hadithi ya jana na waliikumbuka vizuri. Kuikumbuka ndiko kulikowafanya wajibu upesi.

"Ni paa," akasema Maalim Athmani. Alisema kama anavyowasahihisha wanafunzi wake, bila ubaya wowote.

"Mato yako yamechoka na kusoma, Maalim," Bwana Zein akamwambia kwa upole, akamsogezea sahani ya kashata. Kisha akamgeukia mgeni. "Na wewe, sheikh? Mjuzi wa mnyama hiyu ni wewe."

Mchina marehemu akafungua mdomo. Baraza ikangoja. Kuku akavuka kichochoro na vifaranga wake. Mgeni akafunga mdomo, akaingiza mikono ndani ya mikono ya kanzu yake.

"Kunyamaza ni kukubali," akasema Bwana Zein, na kahawa ikaendelea.

Jioni hiyo hiyo Sheikhan alikuja kumchukua mnyama kwa kamba. Alimweleza Mwanakuu kuwa mnyama ametoka katika sahani, na sahani ni ya marehemu bibi yake Bwana Zein, kwa hiyo mambo yako wazi. Mwanakuu alikasirika, lakini alikuwa peke yake na mlango ulikuwa wazi. Sheikhan akashona tandiko dogo la ngozi. Asubuhi Bwana Zein akapanda. Paa alikuwa mfupi na Bwana Zein mrefu, miguu yake ikafika chini, kwa hiyo ilimbidi atembee mwenyewe huku paa akienda katikati ya mapaja yake. Watu wakawapisha, wakasifu mwendo. Buluu ya paa ilishika kwenye kanzu ya Bwana Zein, mapajani kwa ndani, na haikupita muda vijana kadhaa wa mtaa wakawa wanapaka kanzu zao nili mahali pale pale.

Maalim Athmani hakuguswa na mtu. Ila ilionekana kuwa chumba cha chuo chake, ambacho mzee wa mtaa alimpa bure, sasa kinahitajika kuwekwa magunia ya mchele. Watoto wakarudishwa kwao na mbao zao. Sukari yake ilisahauliwa, na iliposahauliwa mara ya pili mkewe aliweka mbele yake kikombe cha chai isiyo na sukari, akakaa akamtazama anavyokunywa. Maalim alikuwa mtu mwema. Vita vya Wazungu alivivumilia, lakini hivi vya jikoni vilimshinda.

Ijumaa baada ya sala akasimama barazani akasema ameurudia upya ule mushkili. Alieleza kuwa jina halimo ndani ya kitu. Jina ni makubaliano ya watu, na watu wa mtaa wamekwisha kukubaliana. Isitoshe, alisema, mnyama hupewa hukumu kwa kazi yake, na kinachopandwa, kikawekewa tandiko, ni farasi. Alizungumza vizuri sana, na ushahidi wa vitabu vya Kiarabu juu yake. Watu wakasema hawajapata kusikia farasi akithibitishwa kwa elimu namna hiyo. Jumatatu watoto wakarudi chuoni.

Hapo ndipo Bwana Zein alipoitaja nyumba. Aliitaja kwa wepesi, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo. Alisema kuwa bibi yake hakuiweka wakfu. Alimwachia yeye, akasema, na Mwanakuu amekaa humo kwa hisani. Kwa kuwa jambo lenyewe halikuandikwa, wazee wa mtaa wakae barazani kwake Alhamisi baada ya alasiri, wamalize kwa ushahidi wa aliyesikia.

Mwanakuu alivaa buibui akaenda kwa Mejumaa kwanza. Alimkuta akikanda unga.

"Wewe wajua nyumba ile ni wakfu," akamwambia.

"Najua."

"Na mnyama yule wajua ni paa."

"Shoga yangu, mimi nina mahamri ya kupika, na mahamri hayapikwi kwa chumvi. Zein akiniambia yule ni meli, nitamuuliza yang'oa nanga saa ngapi." Mejumaa akaacha kukanda, akajifuta jasho kwa mkono. "Naona haya. Lakini haya hailiwi."

Kutoka hapo akaenda kwa shemeji yake. Maalim alimkaribisha kwa heshima zote, akamwagizia chai. Ilikuwa tamu.

"Athmani, nimekuja kukuuliza jambo moja. Siku Bibi Mwanaesha aliposema, wewe ulikuwako?"

"Nilikuwako, shemeji."

"Ulisikia?"

"Nalisikia kwa masikio haya."

"Basi Alhamisi utasema."

Maalim akawa anakunja ukingo wa msala uliokuwa karibu naye. "Shemeji," akasema mwisho, "jambo hili lina pande nyingi."

"Lina upande mmoja. Upande wangu mimi ni kulala nje." Machozi yalimjia, naye hakuyaficha. "Ndugu yako alipokuwa akikata roho alikushika mkono. Alikwambia nini?"

"Aliniambia nikutazame."

"Basi nitazame."

Maalim Athmani hakumtazama. Mwanakuu akaiacha chai yake, akaenda zake, na njia nzima alikuwa akijilaumu kwa kulia mbele ya mtu wa namna ile.

Alhamisi baraza ilijaa. Kwa kuwa haikufaa mwanamke aketi kati ya wanaume, Mwanakuu alikaa ndani ya daka, ukumbi mdogo wa mlangoni mwa nyumba yake, ng'ambo ya kichochoro, mlango ukiwa umerudishwa nusu, mahali pale pale aliposemea Bibi Mwanaesha zamani. Mchina marehemu alikuwa ameketi mwisho wa benchi. Mnyama alifungwa kwenye kigingi, na tandiko lake juu.

Maalim Athmani akaulizwa alisikia nini. Akakohoa. Akasema alimsikia marehemu Bibi Mwanaesha, kwa ulimi wake mwenyewe, akisema kuwa nyumba ile ni ya Zein.

"Zein alikuwa hajazaliwa," Mwanakuu akasema kutoka nyuma ya mlango.

Wazee wakatazamana, maana ilikuwa kweli. Kila mtu pale aliukumbuka mwaka aliozaliwa Bwana Zein, ni mwaka ule wa tauni ya kuku. Maalim akafikiri kidogo.

"Alisema ni ya Zein atakayezaliwa," akasema.

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Sheikhan akasema hivyo ndivyo walivyokuwa watu wa zamani, wakiona mbali. Penye wengi hapaharibiki neno, na pale walikuwa wengi, kwa hiyo neno likatengenea.

Bwana Zein hakutaka kuonekana amemshinda mjane. Akageuka kuelekea ule mlango, akasema kwa sauti yake nzuri, "Mama Mwanakuu, wewe ni mzee wetu. Mimi sitaki ulale nje. Chumba kile cha tini, cha karibu na kisima, ni chako mpaka siku Mola atakapokuita. Nataka tu watu waone kuwa hatuna kinyongo. Hebu tazama pale nje utwambie: yule aliyefungwa ni mnyama gani?"

Mwanakuu alikuwa anakipenda chumba kile cha chini. Kilikuwa na ubaridi wakati wa kaskazi, na ndimo alimolala siku za kwanza za ujane wake. Aliuona mlango wake kutoka pale alipoketi. Alijua pia kuwa hakuna mtu hata mmoja katika baraza ile ambaye angemdharau akijibu wanavyojibu wote. Wangefurahi, wangemletea mahamri. Akaliweka jicho kwenye mwanya wa mlango, akatazama.

"Ni paa," akasema.

Hakuna aliyekasirika. Bwana Zein alisikitika kwa dhati. Alimtazama tena yule marehemu wa benchi, akamuuliza kama ana la kuongeza, na yule marehemu akafungua mdomo kwa mara ya pili. Safari hii midomo ilikwenda kabisa, na baadhi ya watu waliapa kuwa waliona neno limefika kwenye meno. Halikutoka. Akainuka, akainamia baraza kwa adabu, akaondoka kuelekea Ngome, na kichochoroni hakuonekana tena.

Asubuhi ya kuhama, watu wa mtaa walikuja kumsaidia Mwanakuu wote, maana jirani haachwi peke yake siku kama hiyo. Sheikhan alibeba sanduku. Mejumaa alibeba vyungu, na ndani ya kimoja alikuwa amefungia mahamri ya moto. Kitanda cha samadari kilichukuliwa na Maalim Athmani na mzee aliyesifu mabega ya Kiarabu, mmoja mbele mmoja nyuma, na Maalim kila baada ya hatua kadhaa alikuwa akimuuliza shemeji yake kama jua halimsumbui. Walimtakia heri. Walimwambia kuwa Mwembe Tayari, kwa mpwa wake, si mbali, na kwamba kuhama ni sunna. Mwanakuu aliwaitikia kila mmoja. Uchungu alikuwa nao, lakini salamu ni salamu.

Walipofika pale kichochoro kinapobana, Bwana Zein alikuwa akija kutoka upande wa pili juu ya mnyama wake, miguu ikiburura vumbi, pamoja na mgeni wa kutoka melini aliyekuja kuitazama nyumba. Waliobeba wakatua. Kitanda kikasimamishwa kwa wima kuegemea ukuta, na watu wakajipanga upande mmoja.

"Mpishe farasi, shemeji," Maalim Athmani akamwambia kwa sauti ya chini, akamshika kiwiko asijikwae.

"Paa," akasema Mwanakuu.

"Alkheri, mama," Bwana Zein akamjibu, mkono kifuani.

Mnyama alikuwa amekwisha fika, anahema, buluu yake imefifia kwenye mbavu pale tandiko liliposugua. Mwanakuu akajibanza ukutani pamoja na wenzake, kwa sababu njia ilikuwa nyembamba.